Kona ya Kushoto, Juu

Elfryda hanunui lenzi kwa maneno ya muuzaji.
Anaipeleka ukutani.

Asubuhi ya Novemba, mji wa Bytom, baridi ya kung'ata masikio,
tramu imepita, reli bado zinanung'unika,
naye keshaikita miguu mitatu ya kamera
mbele ya jengo la ghorofa nne, matofali matupu,
meusi kwa masizi ya miaka mia na ushei.
Kazi yangu kushika mwavuli na kunyamaza.

"Uso wa mtu utausamehe," asema.
"Tofali hulisamehi. Lina kingo nne, unazijua."

Sasa tazama:
hainui kamera. Ukikiinua kidevu chake
jengo huanguka chali kama mlevi.
Anaiacha itazame mbele, pimamaji limetulia,
kisha anazungusha kijiti cha ubavuni, polepole,
na lenzi inapanda: milimita moja, tano, kumi na moja,
kama mkwe mwenye haya
anayetaka kuiona dari ya ukweni
bila kuinua kichwa, macho tu.

Tundu la nne. La nane. La kumi na moja.
Kila mara pumzi ameibana.

Jikoni, kompyuta kando ya sufuria ya supu chachu,
anaikuza picha hadi tofali moja lijae kiganja.
Katikati: wembe.
Unahesabu chembe za mchanga ndani ya chokaa,
unasoma majina kwenye kengele za mlango,
Gawlik, Pyka, Szombara.
Kulia juu: bado imara,
uzi wa zambarau umeshikana na bomba la moshi, wa kufutika.
Kushoto juu
matofali yanayeyuka kama sukari guru iliyonyeshewa.
Na ukingo wa jengo, upande huohuo, umelala.
Kidogo. Unene wa ukucha.

"Iliangushwa hii. Mjane wa Gliwice kaficha, au naye kafichwa."
Akampigia. Akapunguziwa zloti mia tatu.
Sikuipenda sauti aliyoitumia.

Kesho yake tukarudi na lenzi mpya, ya kuazima,
bei yake gari dogo.
Kona ikatulia, matofali yakarudi kuwa matofali.
Ukingo
umelala vilevile.

Akapima tena. Akalifuta pimamaji kwa skafu, akapima tena.

Hapo akatoka Truda Szombara na ndoo ya taka, ndara miguuni.
"Mnapima nini siku mbili?"
"Lenzi."
Akacheka hata akaiweka ndoo chini.

Ghorofa ya tatu, kwake: kabati limetiwa kabari
miguu miwili tu, ya mashariki.
Akachukua gololi ya mjukuu, akaiweka sakafuni, akaiachia.
Hakuisukuma.
Ikajiendea yenyewe, ikapita chini ya meza,
ikagonga ukuta, tak.
"Makaa ya upande huu aliyatoa Szombara wangu na wenzake.
Nyumba imeyafuata."

Elfryda akaomba uzi, akafunga risasi ya kuvulia samaki,
akaining'iniza timazi dirishani.
Uzi ukashuka njia yake,
ukuta njia yake.

Usiku daftari linasema:
Katikati, bora. Kushoto juu, laini, kosa la kioo.
Mistari: kweli tupu.

Kompyuta ina kitufe cha kunyoosha.
Ukikibonyeza jengo linasimama kama askari kwenye gwaride,
wala mteja hatajua.
Kidole kilikaa juu yake hata supu ikaota utando.
Kisha kikahamia kwenye simu.

"Zile mia tatu," akaniuliza,
"ngapi zilikuwa za kona, ngapi za ukingo?"
Sikujua.
Gliwice ikaita mara sita.